Nazaré mwezi wa Agosti: mawimbi utayakuta?

Salaam mkuu. Umeuliza kama ukienda Ureno Agosti utayaona yale mawimbi makubwa mno ya Nazaré, mji wa pwani kule, na kama treni ya kutoka Lisbon inafika hadi mjini.

Kabla ya kulipia chochote angalia tarehe zako. Mawimbi yale ni ya Oktoba hadi Machi hivi, tena yanapiga ufukwe wa Praia do Norte, upande wa pili wa ngome yenye mnara wa taa. Agosti utakuta umati ufukweni na maji ya baridi, usitegemee Nungwi!

Treni achana nayo, stesheni iko Valado dos Frades, nje ya mji. Panda basi kituo cha Sete Rios, hapo Lisbon, mwendo wa kama saa mbili. Na usiwapite kina mama wanaoanika samaki waliopasuliwa kwenye vichanja vya wavu palepale mchangani.