Poland ya Machapisho ya Kichinichini: Maswali Yenu

Tangu niandike juu ya "mzunguko wa pili", jina ambalo Wapolandi waliyapa machapisho yaliyokwepa wadhibiti wa serikali ya kikomunisti, maswali hayajakatika. Nimechagua machache.

Hiyo si ndiyo samizdati ya Warusi? (Msomaji, Nairobi)

Siyo, na nimeshalieleza hili mara tatu. Samizdati ni maandishi ya siri ya Warusi, na wengi wao waliyapiga taipureta kwa karatasi za kaboni, nakala chache kwa mkupuo mmoja. Hata Wapolandi walianza hivyo mwaka 1976, pale KOR, kamati ya kuwatetea wafanyakazi walioandamwa baada ya migomo ya Radom na Ursus, ilipotoa taarifa zake za kwanza. Mwaka 1977 likazaliwa shirika la NOWA chini ya Mirosław Chojecki, msomi wa kemia, na hapo ikawa kazi ya mashine na maelfu ya nakala. Walichapa mashairi ya Czesław Miłosz yakiwa yamepigwa marufuku. Mwaka 1980 Miłosz akapata Nobel, na serikali ikabaki na aibu yake. Tafadhali someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika.

Wino na karatasi walipata wapi? (Msomaji, Tanga)

Karatasi ilinunuliwa kidogokidogo, duka hili na lile, asishtuke mtu. Nyingine ilitoka kwa mlango wa nyuma katika viwanda vya uchapaji vya serikali yenyewe. Mashine za saiklostaili ziliingizwa kwa magendo. Zilipokosekana, walitengeneza fremu, wakawamba kitambaa chepesi, wakabandika stensili na kupitisha wino kwa mkono, wino wenyewe ukichanganywa na sabuni laini ya kufulia. Kama uliwahi kumwona mwalimu akichapa mitihani ya muhula, vidole vyeusi tii, basi unaijua kazi hiyo. Ongeza tu hofu ya polisi mlangoni.

Mbona humtaji Papa wala Wałęsa? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu hao mmeshawasikia: Papa Yohane Paulo wa Pili, Mpolandi, na Lech Wałęsa, kiongozi wa Solidarność, chama huru cha wafanyakazi. Helena Łuczywo je? Tarehe 13 Desemba 1981 Jenerali Jaruzelski, kiongozi wa Poland, alitangaza hali ya kijeshi, na maelfu ya wanaharakati wa Solidarność wakawekwa kizuizini. Polisi walikuwa wakisaka wanaume. Miezi miwili baadaye Łuczywo na wenzake, wengi wao wanawake, walikuwa wameshaanzisha gazeti la kila wiki, Tygodnik Mazowsze. Walihama nyumba hadi nyumba na mafaili yao, wakatoa matoleo yapatayo 290 hadi 1989, mengine yakifikia nakala makumi ya maelfu. Kundi hilohilo ndilo lililoanzisha gazeti la kila siku, Gazeta Wyborcza, Mei 1989. Vitabu vingi vya historia vimewapita kimyakimya, na sioni sababu ya sisi kurudia kosa hilo.

Walifundisha nini katika hicho "chuo kikuu kinachoruka"? (Mwanafunzi, Kampala)

Hiyo ilikuwa mihadhara iliyohama nyumba hadi nyumba, nje ya vyuo vya serikali. Historia, fasihi, uchumi, sosholojia: masomo yaleyale ambayo chama kilikuwa kimeyachuja. Jina ni la zamani. Chini ya mfalme wa Urusi, wanawake wa Warsaw walifungiwa milango ya chuo kikuu, wakasoma kwa siri majumbani. Mmoja wao ni Maria Skłodowska, mnayemjua kama Marie Curie. Wajerumani walipofunga shule za sekondari na vyuo wakati wa Vita Kuu ya Pili, walimu walirudia njia ileile. Kwa hiyo Januari 1978, wasomi wapatao 60 walipounda Jumuiya ya Kozi za Kisayansi, hawakuanza na jambo geni.

Walisomesha sebuleni, watu wakikaa sakafuni. Mwenye nyumba alitozwa faini, mhadhiri akawekwa ndani saa 48. Machi 1979 kundi la vijana wa upande wa chama lilivamia nyumba ya Jacek Kuroń, mwanaharakati wa KOR, na kuwapiga mkewe na mwanawe. Wewe mwanafunzi unayelalamika kwamba darasa halina projekta, fikiri juu ya sebule hiyo.

Naomba PDF za bure. (Wasomaji wengi)

Sina. Na nisikilizeni: wasomaji wa Poland walilipia. Magazeti ya siri yaliorodhesha michango kwa majina ya bandia, pamoja na kiasi kilichotolewa, ili mtoaji ajue fedha yake imefika. Ndiyo, fedha za nje zilikuja pia, za vyama vya wafanyakazi vya Marekani na hata za CIA. Lakini mtu aliyeweza kufungwa kwa kukutwa na kijarida alitoa senti zake kukinunua. Sisi tunasoma magazeti kwa kupigiana picha za kurasa kwenye simu, kisha tunashangaa waandishi wakihamia kwa wanasiasa.

Sisi huku kwetu haya yanatuhusu nini? (Msomaji, Arusha)

Nenda Tengeru, ndugu yangu, ni karibu na kwako. Makaburi ya Wapolandi yapo pale. Stalin aliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati, wakatoka kupitia Iran, na kuanzia 1942 takribani 5,000 waliishi Tengeru, wakiwa na shule zao. Katika Poland ya kikomunisti, habari ya uhamisho huo ilikuwa mikononi mwa wadhibiti, sawa na ile ya Katyn, ambako maofisa wa Poland waliuawa na polisi wa siri wa Stalin mwaka 1940. Mtoto aliyekulia chini ya Mlima Meru akarudi Poland hakuweza kuandika gazetini kwa nini alifika Afrika. Wachapaji wa kichinichini ndio waliomfungulia ukurasa.