Re: Nahamia Dar kikazi, ofisi Posta, nipange wapi?
Karibu Dar mkuu. Kama ofisi ni Posta, pale katikati ya jiji, na unatafuta chumba na sebule ya kawaida, anza na usafiri kabla ya uzuri wa nyumba, watu kibao wanapanga pazuri afu wanaamka saa kumi alfajiri kila siku. Basi la mwendokasi la Kimara linakushusha hadi Kivukoni, karibu na Posta, so cheki Kimara, Ubungo au Magomeni ila pawe pa kutembea mpaka kituoni, ukianza bodaboda asubuhi na jioni ile kodi nafuu inaliwa yote. Kigamboni nayo fresh tu kwa mtu wa Posta, unavuka na pantoni unashuka Magogoni unatembea, likisumbua ndo unazunguka darajani Kurasini. Mabondeni kando ya mto Msimbazi achana napo hata wakupe bei ya kutupa, mvua ikikaza, pale Jangwani kwenye bonde hilo hata barabara inafungwa.

Afu dalali atakupeleka mchana kweupe, we rudi mwenyewe usiku uone njia, fungua bomba, waulize wapangaji maji yanatoka siku gani na LUKU (mita ya umeme) ni ya kwako au mnachangia. Ya kuchangia ugomvi hauishi aisee, mmoja anapikia jiko la umeme mwingine ana taa mbili na wote mnatoa sawa. Dalali naye kwa kawaida anataka kodi ya mwezi mmoja, iweke kwenye hesabu, na usitoe hela kabla hujaonana na mwenye nyumba mwenyewe.