Walimu wapya wa hisabati, mfundisheni mtoto mahali pa kusimama anapogawanya

Kila ninapopitia madaftari ya hisabati katika mada ya namba tasa, vigawo (namba zinazoigawanya nyingine bila baki) na vigawe (namba zinazopatikana kwa kuizidisha namba fulani), nakuta makosa yale yale ya miaka yote, na mengi hayakuanzia kwa watoto bali ubaoni. Nawaandikia ninyi mnaoanza kufundisha kwa sababu mtoto anayeivuka mada hii bila kuielewa hukwama baadaye kwenye hesabu za sehemu, kama nusu na robo, na kosa lake hapo huonekana kana kwamba ni uvivu.

1. Moja si namba tasa. Namba tasa ina vigawo viwili kamili, yaani 1 na yenyewe, ilhali 1 ina kigawo kimoja tu. Mtoto akiuliza kwa nini tusiikubali, mwandikieni 60 = 2 × 2 × 3 × 5 na mwonyesheni kwamba, ukiacha kubadilisha mpangilio, hakuna njia nyingine ya kuiandika 60 kwa vigawo tasa; tukiipokea 1, kila mtu ataongeza moja nyingi apendavyo na upekee huo utapotea.

2. Vigawo viandikwe kwa jozi. Kwa 72 tunapata 1 na 72, 2 na 36, 3 na 24, 4 na 18, 6 na 12, 8 na 9, na kwa kuwa kinachofuata baada ya 8 ni 9, ambayo tayari imeandikwa, kazi imekwisha.

3. Kosa linaloniumiza kuliko yote ni kuitangaza namba kuwa tasa kwa sababu mikono imechoka. Mpeni mwanafunzi 221. Ataona kuwa ni witiri, atajumlisha tarakimu zake na kupata 5, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Haiishii na 0 wala 5. Kwa 7 inabaki 4, kwa 11 inabaki 1. Hapo ataweka kalamu chini na kuandika “tasa”, na mwalimu mpya, ambaye naye hakuwahi kuambiwa mwisho uko wapi, atampa alama ya vema. Lakini 221 ni 13 × 17. Mwenzake aliye makini zaidi ataogopa kosa hilo, ataendelea kugawanya 223 kwa 17, 19, 23 na kuendelea hadi kipindi kiishe, ingawa 223 ni tasa kweli na angeweza kulisema hilo mapema. Wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho kimo ndani ya zile jozi za 72: katika kila jozi, kigawo kidogo hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba (ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba hiyo), kwa sababu kama vigawo vyote viwili vingekizidi, zao lao lingeipita namba yenyewe. Kwa kuwa 15 × 15 ni 225, tasa za kujaribu kwa 221 na kwa 223 ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13 tu. Asiishie 11, wala asifike 17. Ninawasihi msiitoe kanuni hii kama amri ya kukariri. Mtoto aione kwanza kwenye jozi, aiseme kwa maneno yake, ndipo muiandike ubaoni.

4. Chujio la Eratosthenes, yaani jedwali la namba ambamo tunakata vigawe hadi zibaki tasa peke yake, linafuata sababu hiyo hiyo. Kupata tasa zote 25 zilizo chini ya 100, inatosha kuondoa 1 na kukata vigawe vya 2, 3, 5 na 7, huku zenyewe zikibaki. 11 × 11 ni 121, nje ya jedwali, na vigawe vyote vya 11 vilivyomo, isipokuwa 11 yenyewe, vimeshakatwa.

5. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) haizidi namba ndogo kati ya zilizotolewa, na KDS (kigawe kidogo cha shirika) haipungui iliyo kubwa. Kwa 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36, na 6 × 36 ni sawa na 12 × 18. Uhakiki huu unafaa kwa namba mbili, lakini zikiwa tatu msiutumie.

Kabla ya kuingia darasani, fanyeni wenyewe 391 na 397. Zote ziko chini ya 400, ambayo ni 20 × 20, kwa hiyo tasa ya mwisho ya kujaribu ni 19, na moja kati ya hizo mbili itagawanyika.