Usifute daftari la zamani kabla hujahesabu rekodi zake

Usifute chochote. Umeandika kwamba una mawasiliano ya redio ya ridhaa yapatayo 3,000 katika daftari la programu yako ya zamani, kwamba unataka kuhamia programu mpya, na kwamba umeshauriwa upakie kila kitu kwenye Logbook of The World (LoTW), huduma ya mtandaoni ya kuthibitisha mawasiliano, uiondoe programu ya zamani pamoja na data zake, kisha upakue daftari zima kutoka LoTW na kuanza ukiwa na daftari safi. Mimi nilifanya hivyohivyo mwaka 2021, kwa mpangilio uleule, na hadi leo kuna mawasiliano yangu ambayo hayapo popote isipokuwa katika daftari la mtu wa upande wa pili, kama naye hajalipoteza lake. Maswali yako mengine, lile la programu iliyo nyepesi na lile la kebo ya kuunganisha redio na kompyuta, yatasubiri.

Kwanza uelewe LoTW ni kitu gani, kwa sababu aliyekushauri haelewi. ARRL, chama cha waendesha redio wa ridhaa cha Marekani, waliifungua mwaka 2003 kwa kazi moja tu, nayo ni kulinganisha madai ya pande mbili. Wewe unasaini rekodi zako kwa TQSL, programu ya kusainia ya LoTW, ukitumia cheti cha kielektroniki cha ishara yako ya mwito, yaani jina lako rasmi la hewani, mwenzako anasaini zake, na ishara zikikubaliana, bendi ikiwa moja, modi, yaani namna ya kutuma kama sauti au Morse, ikilingana, na saa mlizoandika zikiwa hazijapishana kwa zaidi ya dakika 30, mawasiliano hayo yanahesabiwa kuwa yamethibitishwa na unaweza kuyatumia kuomba tuzo kama DXCC, ile ya kuwasiliana na nchi na maeneo mengi, ambayo huanzia nchi na maeneo 100. Ili kulinganisha hivyo, mambo machache yanatosha: ishara za mwito, tarehe, saa, bendi au masafa, modi, na setilaiti ikiwa ilitumika. Hayo ndiyo TQSL inayoyachukua kutoka katika faili lako. Ripoti ya usikivu uliyotoa na uliyopokea haichukuliwi. Jina la mwenzako, mji wake, nguvu ya redio yako siku ile, maelezo uliyoandika pembeni kuhusu antena aliyokuwa akiijaribu, tarehe uliyomtumia kadi ya karatasi ya kuthibitisha mawasiliano (QSL), vyote vinabaki kwako, na ukivifuta kwako hakuna mahali pengine pa kuvidai. Ukipakua daftari kutoka LoTW unarudishiwa mifupa bila nyama.

Nilikuwa na rekodi 6,218 zilizokusanywa kwa miaka tisa. Nilizitoa zote katika faili moja la ADIF, muundo wa maandishi ambao programu za daftari hubadilishana, nikalifungua kwa TQSL ili nilisaini, na TQSL ikanionya kwamba baadhi ya tarehe ziko nje ya kipindi cha cheti changu. Onyo lile lilikuwa la kweli kabisa. Miaka miwili ya mwanzo nilitumia ishara nyingine ya mwito kabla sijapanda daraja la leseni, na cheti nilichokuwa nacho kilikuwa cha ishara mpya tu, kinachoanzia siku niliyopewa. Ningepaswa kusimama, kuomba cheti cha ishara ya zamani na kusaini rekodi zile peke yake. Badala yake nilichagua kuziruka na kuendelea, nikiamini kwamba nitazirudia baadaye. Zilikuwa rekodi 407. Kisha nikaiondoa programu ya zamani, nayo ikaniuliza kama nataka kuondoa pia data za mtumiaji, nikakubali, kwa sababu maelekezo niliyopewa yalisisitiza kwamba masalio ya kanzidata ya zamani huleta mgongano. Folda ile ilikuwa imeunganishwa na hifadhi ya mtandaoni, kwa hiyo nilijiona salama maradufu, bila kufikiri kwamba huduma ya kuoanisha mafaili huoanisha pia ufutaji: kilichofutwa kwenye kompyuta yangu kilifutwa na kule, na muda wa kukirudisha ukapita kabla sijajua kwamba kuna cha kurudisha.

Nilipopakua daftari kutoka LoTW na kuliingiza katika programu mpya, niliona idadi inayokaribia 6,000 nikaridhika. Sikuhesabu.

Niligundua miezi minne baadaye, kwa kadi. Ofisi inayosambaza kadi za QSL iliniletea kadi ya mwendeshaji niliyewahi kuwasiliana naye kwa Morse kwenye bendi ya mita 40, usiku ambao mawimbi yalikuwa dhaifu kiasi kwamba tulirudia ishara zetu mara nne au tano kabla ya kuelewana. Naukumbuka usiku ule vizuri. Nilimpa 339, yaani nilimsoma kwa taabu na nguvu yake ilikuwa ndogo ingawa sauti ya mlio ilikuwa safi. Nilipofungua daftari ili nimjibu, nilikuta imeandikwa 599, yaani ripoti kamili. Nikafungua rekodi iliyofuata, 599. Nikafungua mazungumzo ya sauti, 59, ambayo ndiyo ripoti kamili ya sauti, na jingine 59, na maelfu mengine yote 59. Programu mpya ilikuta nafasi za ripoti zikiwa tupu, ikazijaza yenyewe kwa ripoti kamili kama inavyofanya kwa mawasiliano ya mashindano. Nafasi tupu ingenionyesha siku ya kwanza kwamba kuna kitu kimepotea, lakini ripoti ya kubuni ilinificha hasara kwa miezi minne, na katika miezi hiyo nilikuwa nimeandika na kutuma kadi zaidi ya 60 zenye ripoti ambazo sikuzitoa kamwe. Kadi ya QSL ni ushahidi ninaouandika kwa mkono na kuutia saini. Jambo hilo linaniuma kuliko zile rekodi 407.

Kisha nikaona kosa la pili, ambalo nawe utalipata ukifuata ushauri ule. Katika faili linalotoka LoTW, uthibitisho huandikwa kwenye sehemu iitwayo QSL_RCVD, ambayo katika daftari la kawaida humaanisha kwamba kadi ya karatasi imepokelewa. Uthibitisho wa LoTW una sehemu yake tofauti, LOTW_QSL_RCVD. Programu nyingi zina njia maalumu ya kusawazisha na LoTW ambayo hufanya tafsiri hiyo vizuri, lakini ukiliingiza faili lile kama ADIF ya kawaida, kama nilivyofanya, kila uthibitisho wa kielektroniki unageuka kuwa kadi ya karatasi. Daftari langu lilidai kwamba nina kadi zaidi ya 2,000 wakati sandukuni zilikuwamo chini ya 300, na taarifa ya nani nimemjibu na nani bado ilikuwa imekwenda na kanzidata niliyoifuta. Hadi sasa wapo waliopata kadi yangu mara mbili na wapo ambao wanaingoja bado.

Nilijaribu kuokoa. Programu za kurejesha mafaili hazikunisaidia, kwa sababu kwenye diski ya SSD mfumo huiarifu diski kwamba nafasi ya faili lililofutwa haihitajiki tena, nayo huisafisha mapema. Kilichoniokoa kwa sehemu ni WSJT-X, programu ya mawasiliano ya kidijitali, ambayo huandika rekodi zake yenyewe katika faili la wsjtx_log.adi, mahali ambapo programu yangu ya daftari haikuwahi kugusa. Humo nilikuta mawasiliano yangu yote ya FT8, modi ya kidijitali, tangu modi hiyo ilipotoka mwaka 2017, yakiwa na ripoti zake za desibeli na gridi za wenzangu, yaani misimbo ya mahali walipo, nikayarudisha. Mafaili ya Cabrillo, muundo wa rekodi za mashindano, niliyowahi kutuma kwenye mashindano yalinirudishia kiasi kidogo, kwa kuwa Cabrillo hubeba tu kile ambacho waamuzi wanahitaji. Mazungumzo ya sauti na ya Morse, yale yenye majina ya watu, hali ya hewa yao, umri wao na redio walizojitengenezea wenyewe, hayakurudi. Uone basi kwamba kilichopona ni kile tu kilichokuwa nje ya mikono ya programu kuu, na hakikupona kwa sababu nilikuwa mwangalifu.

Aliyenishauri alikuwa mtu wa miaka mingi hewani, anayeheshimiwa, na ndiyo maana sikuuliza swali hata moja. Aliniambia kwamba LoTW ni benki, kwamba ukishaweka mawasiliano yako huko yamekuwa salama milele na unaweza kutupa mengine. Nilipomweleza yaliyonipata, alijibu kwamba hajawahi kuhamisha daftari lake mwenyewe kwa njia hiyo ila alisikia inafanya kazi, na wiki chache baadaye akamfundisha mwingine maneno yaleyale. Hilo siwezi kulisamehe kwa urahisi. Mtu anaweza kukosea, lakini kumpa mwenzako maelekezo ya kufuta kazi ya miaka wakati hujawahi kuyajaribu hata kwenye rekodi kumi zako ni ukatili, hata ukiwa na nia njema. Na waliomsikiliza wakabaki na nakala huko peke yake walipata mtihani mwingine kuanzia katikati ya Mei 2024, ARRL waliposhambuliwa kwenye mtandao wao wa kompyuta na LoTW ikawa haipatikani hadi Julai 1, 2024. Data za mawasiliano zilipona, lakini kwa muda huo wote asiyekuwa na faili lake mwenyewe hakuwa na daftari. LoTW ni mahali pa kuthibitishia, na mimi naipenda na ninaitumia kila wiki. Lakini daftari ni lako, na lazima likae kwako.

Sasa kanuni, nayo ni moja: daftari la zamani halifutwi mpaka faili kamili la ADIF limetolewa, limewekwa mahali ambapo programu haifiki, limefunguliwa katika programu nyingine, na rekodi zake zimehesabiwa zikalingana.

Unapotoa faili, hakikisha hakuna kichujio kilichobaki kwenye skrini, kwa kuwa programu kadhaa hutoa kile tu kinachoonekana, na ukiwa umechuja bendi ya mita 20 utapata mita 20 peke yake bila onyo lolote. Chagua kutoa sehemu zote, si zile za LoTW tu. Kisha lifungue faili kwa kihariri cha maandishi cha kawaida na uhesabu mara ngapi EOR imetokea, kwa sababu alama hiyo hufunga kila rekodi, na idadi yake ndiyo idadi ya mawasiliano uliyonayo. Usirekebishe kitu humo kwa mkono kama hujui unachofanya: mbele ya kila taarifa ADIF huandika idadi ya herufi zake, kwa hiyo ukibadilisha jina la herufi nne kuwa la herufi sita bila kubadilisha namba iliyotangulia, programu itasoma herufi nne na kuacha mbili. Majina yenye herufi za alama, kama yale ya Kifaransa au Kipolandi, huharibika zaidi, kwa kuwa faili la aina ya .adi limekusudiwa herufi za msingi tu na si kila programu huzihesabu herufi nyingine kwa namna moja.

Ukishaliingiza katika programu mpya, linganisha idadi, halafu chagua rekodi kumi na uzisome moja moja zikiwa ubavuni mwa zile za programu ya zamani, ambayo lazima iwe bado imefunguka. Chukua rekodi yako ya kwanza kabisa, chukua moja uliyofanya ukiwa safarini, chukua moja ya karibu na saa sita usiku wa UTC ili uone kama saa haikusogezwa na tarehe haikuruka, na chukua moja ya FT4, modi nyingine ya kidijitali, kwa sababu katika ADIF FT4 huandikwa kama modi ndogo chini ya kundi la MFSK, na programu isiyojua hilo hukuachia MFSK tupu. Tazama ripoti za usikivu. Ukikuta 59 mfululizo mahali ambapo unakumbuka ulihangaika kusikia, simama hapo hapo.

Kuhusu programu gani uchague, yoyote itakayokupa faili kamili la ADIF bila kukuficha sehemu fulani inafaa. Log4OM na CQRLOG zote ni za bure na watu wengi wanazitumia, ya kwanza kwenye Windows na ya pili kwenye Linux. Programu hizo zinaweza kukaa pamoja na ile ya zamani kwenye kompyuta moja bila kugombana, kwa hiyo hata ile sababu ya kufuta uliyopewa haina msingi. Iache ya zamani mwaka mzima.

Kabla ya kupakia chochote LoTW, angalia pia kama umewahi kutumia ishara nyingine ya mwito, na kama gridi uliyoiweka kwenye TQSL ndiyo ya mahali ulipokuwa kwa kila kundi la rekodi, kwa kuwa rekodi ikishapakiwa huko huwezi kuifuta. Leo toa faili, hesabu EOR, kisha niandikie namba tatu: idadi inayoonyeshwa na programu ya zamani, idadi ya EOR, na idadi iliyoingia katika programu mpya. Zisipolingana nitakusaidia kutafuta zilizopungua, ilimradi ile ya zamani ingali ipo.