Maswali na Majibu: Nimelipa riba milioni moja na nusu, na bado nadaiwa milioni

SWALI

Ndugu Mshauri, mimi ni dereva wa lori mwenye umri wa miaka 38, naishi Kizota hapa Dodoma pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Napeleka mizigo kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo, safari mbili kwa mwezi ikiwa foleni si kubwa. Mshahara wangu ni shilingi 500,000, na kila safari napewa posho ya shilingi 350,000. Mwezi Januari, ada na sare za watoto ziliponibana, nilikopa shilingi 1,000,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, hii mikopo inayoitwa kausha damu, kwa makubaliano ya kurudisha shilingi 1,300,000 baada ya mwezi mmoja. Sikuweza. Tangu hapo nimelipa riba ya shilingi 300,000 kwa miezi mitano mfululizo, na deni lenyewe liko palepale.

Mkopeshaji anashikilia kadi yangu ya benki na kadi ya pikipiki yangu, ambayo kijana wa ndugu yangu anaiendesha kama bodaboda. Mwajiri ananikata shilingi 200,000 kila mwezi kwa mifuko iliyoonekana kupungua katika mzigo mmoja, na SACCOS inakata 100,000. Zinazobaki benki, mkopeshaji anazitoa zote siku ya mshahara, kisha naongezea 100,000 kutoka kwenye posho. Nadaiwa pia 180,000 za mkopo wa simu. Mke wangu anaamini kwamba mishahara imechelewa. Madereva wenzangu wanasema dawa ni kunyonya dizeli kidogo kidogo kila safari, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nifanye nini?

Dereva, Kizota

JIBU

Ndugu yangu dereva, pole kwa safari na pole kwa mzigo huu usioonekana kwenye mizani. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara hesabu yako imenionyesha kwamba si uvivu wala anasa iliyokufikisha hapo. Umefika hapo kwa sababu mtu mwingine amekaa kati yako na mshahara wako, na kwa sababu hela ya njia imegeuzwa kuwa hela ya kulipia riba.

Tuanze na huyo mkopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka watu na kampuni zinazokopesha bila kupokea amana wawe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 1,000,000, riba hiyo ni shilingi 35,000 kwa mwezi, yaani shilingi 175,000 kwa miezi mitano. Ukijumlisha na deni la msingi, ulipaswa kuwa umelipa shilingi 1,175,000 na kumaliza. Wewe umelipa 1,500,000. Nimekuandikia hesabu hii kwa tarakimu ili uikate ukurasa huu, uende nayo, na uiweke mezani mbele yake bila kupandisha sauti.

Muombe akuonyeshe leseni. Kama anayo, anafungwa na ukomo huo. Kama hana, biashara anayoifanya si halali, naye analijua hilo kuliko wewe. Mazungumzo hayo usiyafanye peke yako. Nenda na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, na lolote mtakalokubaliana liandikwe na kusainiwa mbele ya mtendaji wa kata. Akikataa, muandikie barua ya malalamiko, ubaki na nakala yenye tarehe aliyoipokea, kisha uipeleke kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambayo tawi lake liko hapa hapa Dodoma. Kusanya kwanza ujumbe wote wa miamala ya simu na taarifa ya akaunti yako, kwa maana katika madai ya namna hii anayesikilizwa ni mwenye karatasi.

Kadi ya benki ni jambo la siku moja. Nenda benki kesho asubuhi, ifungwe, upewe kadi mpya yenye namba mpya ya siri. Baadhi ya watu watakwambia kwamba huko ni kudhulumu. Sikubaliani nao, kwa sababu kulipa deni ni wajibu wako, lakini kumwachia mtu mwingine afungue mfuko wako kabla ya watoto wako kula si sehemu ya wajibu huo.

Kuhusu makato ya mzigo uliopungua, hapa pia una haki ambayo madereva wengi hawaidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mwajiri hawezi kukukata kwa hasara au upotevu mpaka uwe umetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, awe amekuandikia chanzo, kiasi na namna alivyokokotoa deni, na awe amekupa nafasi ya kujitetea. Hata yote hayo yakitimia, makato hayo yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Robo ya shilingi 500,000 ni 125,000, kwa hiyo kila mwezi zinakatwa 75,000 zaidi ya kiwango. Andika barua ya heshima kuomba maelezo hayo. Ukinyamaziwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi Dodoma, lakini usikawie, kwa kuwa mgogoro wa namna hii una ukomo wa siku 60 wa kuufikisha huko. Najua unahofia kazi. Ndiyo maana nasema barua ya heshima kwanza.

Sasa pikipiki. Umeieleza kwa nusu sentensi tu, nami nadhani ni kwa sababu hutaki kuigusa. Tuseme kijana analeta shilingi 7,000 kwa siku, siku 22 za mwezi: hizo ni 154,000, na hapo hatujatoa tairi wala matengenezo. Deni linakula 300,000. Kama mazungumzo na mkopeshaji hayatazaa matunda ndani ya mwezi mmoja na hutaki kuishi ukisubiri majibu ya malalamiko, iuze. Mnunuzi, mkopeshaji na wewe mkutane kwa mtendaji siku hiyo hiyo, fedha zihesabiwe, kadi ya pikipiki itoke mkononi mwa mkopeshaji iende kwa mnunuzi, na upewe hati inayosema deni limekwisha. Kinachobaki kimalize mkopo wa simu, kisha usiukope tena hata kama simu inakukumbusha kila asubuhi kwamba unastahili.

Posho ya safari naomba uichukulie kama mafuta ya gari: imetolewa ili ufike na urudi. Ukitoa 100,000 humo, unafika Rusumo mkononi huna kitu, foleni inakukuta siku tatu, unakopa kwa dereva mwenzako, na safari inayofuata inaanza ikiwa na deni. Beba unga, mchele na jiko dogo, upike ukiwa umeshuka na kusogea mbali na gari na mzigo. Kinachookolewa, ukikabidhi nyumbani ukirudi.

Nasema nyumbani, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mwambie mama watoto wako. Wewe unakuwa Kahama au Nyakanazi, na mdai anajua mlango wa Kizota ulipo. Siku atakapobisha hodi, mwenzako atalisikia jambo hili kwa mdomo wa mtu mwingine. Isitoshe, tarehe za madeni hazisubiri lori lirudi. Lazima awepo mtu mmoja nyumbani mwenye daftari, anayejua nani analipwa lini na kiasi gani, na hakuna anayefaa kuliko yeye. Atakasirika, na ana haki. Chagua siku ambayo huondoki kesho yake, ili asibaki na hasira hiyo peke yake.

Kuhusu dizeli, umefanya vyema kuniandikia kabla ya kutenda. Ni wizi, na malori ya siku hizi yana vifaa vinavyoonyesha gari limesimama wapi na mafuta yamepungua kwa kiasi gani. Utapoteza kazi ambayo ndiyo dhamana pekee ya madeni yako yote, na pengine uishie mahakamani. Wala usijaribu safari ya tatu kwa mwezi kwa kukesha usukani; mlima Sekenke unaujua, na usingizi wake umewamaliza wenzako.

SWALI

Shikamoo. Mimi ni utingo, nakaa Manyoni. Dereva wangu, ambaye namheshimu kama baba, ameniomba nimdhamini mkopo wa shilingi 800,000. Nikikataa naogopa atanishusha kwenye gari.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mdhamini si shahidi. Akishindwa kulipa, utadaiwa wewe kana kwamba fedha ulizichukua wewe. Jiulize kama leo unaweza kutoa 800,000 mfukoni. Kama huwezi, basi huna cha kudhamini. Mweleze hivyo ana kwa ana, gari likiwa limesimama na mkiwa wawili tu, umwambie kiasi unachoweza kumkopesha mwenyewe, hata kama ni 30,000, na umpe siku hiyo hiyo.