Maswali Yenu: Data Inakuja Mara Mbili, Inachelewa, Haiji

Nikifungua ukurasa, ombi linaenda kwenye seva mara mbili. React imeharibika?

Haijaharibika, na swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka. React ni maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Tangu React 18, ya mwaka 2022, StrictMode, hali yake ya ukaguzi, huiweka komponenti (kipande cha ukurasa), huiondoa, kisha huirudisha, na ombi lake huenda upya, ili ijulikane kama umesahau kusafisha, yaani kusitisha ulichokianzisha. Hutokea kwenye mashine yako unapotengeneza tu, si kwa watumiaji. Na wewe uliyeifuta StrictMode ili upate amani, soma jibu linalofuata.

Kwenye kisanduku cha kutafuta, nikiandika haraka yanatokea matokeo ya neno la zamani. Seva ni mbovu?

Seva unaionea bure. Umeandika "ma", ombi likaondoka. Ukamalizia "maji", likaondoka la pili, likawahi kurudi na orodha ikawa sahihi. Kisha lile la kwanza, lililokuwa linasuasua njiani, likafika na kuifunika. Nani aliwahi kukuahidi kwamba majibu yatarudi kwa foleni?

Ndani ya useEffect (mahali React inapoendeshea kazi kama kuomba data) tengeneza AbortController, kikatizi cha maombi, ipe fetch, amri ya kuomba data, `signal` yake, na kwenye funksheni ya kusafisha ita `abort()`. Itarushwa AbortError, kosa la kukatizwa, imeze kimya, mtumiaji haimhusu. Wengi hukimbilia kuchelewesha ombi kwa milisekunde 300 wakadhani wamepona. Hapo umepunguza maombi tu, mbio za maombi kupitana ziko palepale.

Seva inarudisha 500 (kosa la seva) lakini catch, sehemu ya kushika makosa, haishiki kitu.

Kwa fetch, 404 (hakipatikani) na 500 ni majibu kama majibu mengine. Angalia `response.ok`, urushe kosa mwenyewe. Usipofanya hivyo, mtu mwenye oda chungu nzima ataambiwa "Huna oda yoyote", na huo ni uongo. Kukosa data na kushindwa kuipata ni mambo mawili, yapewe skrini mbili.

Naweza kuandika `useEffect(async () => …)`?

Hapana. Funksheni ya async inarudisha Promise, ahadi ya jibu la baadaye, ilhali React inataka funksheni ya kusafisha au isipewe kitu. Andika ya async ndani, uiite hapohapo.

Nitumie TanStack Query, maktaba ya kuleta data, au niandike mwenyewe?

Itumie. Ila ombi likishindwa hujaribu tena mara 3 kabla ya kutangaza kosa, kwa hiyo msije kuniuliza kwa nini ujumbe unachelewa. Na kama ndani yake unatumia fetch, `response.ok` bado ni kazi yako.