Barua kwa mwanangu: katuni ya mwaka 1938

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Tanga hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua kila mvua ikikaribia. Sasa swali lako. Umeandika kwamba umekutana na katuni ya zamani ya Marekani kwenye intaneti, Jungle Jitters, inayowachora watu Weusi kama wala watu, ukaitazama mpaka mwisho huku damu inakuchemka. Halafu mwenzako wa kazini akakwambia kuwa kuzizuia katuni za namna hiyo zisirushwe kwenye televisheni ni kufuta historia. Unataka kujua mimi nasemaje, na kama mwanao Idi aitazame.

Kwanza, hakuna serikali iliyoipiga marufuku, wala mahakama. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikizisambaza katuni za zamani za Warner Bros. kwenye vituo vya televisheni, iliziondoa 11 katika zile ilizokuwa ikitoa. Ni mwenye duka aliyeamua bidhaa fulani haiweki tena rafuni. Ndio mwaka ambao Martin Luther King, mpigania haki za Weusi, aliuawa kule Memphis, kwa hiyo usishangae. Katuni nyingine zilikatwa kipande hapa na pale, zikaendelea kuoneshwa. Hizi 11 hazikukatika, kwa sababu dharau ndiyo iliyokuwa hadithi yenyewe.

Hiyo yako, mojawapo ya hizo 11, aliiongoza Friz Freleng, na watu wake walijua kuchora, tusiwanyime haki yao. Mchuuzi anaingia kijijini na bidhaa zake, wenyeji wanamtia chunguni, malkia anamtamani awe mumewe, naye akilifikiria busu la malkia anaona heri chungu. Kila kichekesho kinaangukia pale pale kilipokusudiwa. Ndiyo maana inauma. Ingekuwa imechorwa ovyo usingeniandikia.

Wewe huenda umesahau, lakini picha hizo zimewahi kuingia sebuleni kwetu. Mlikuwa na kanda ya video ya Tom na Jerry, na ndani yake ile ya mwaka 1951 ya kisiwani, His Mouse Friday. Jerry anajipaka masizi ya chungu ili Tom adhani ni mla watu, kisha wanatokea wala watu wenyewe. Mlicheka hadi mkagaagaa mkekani, nyinyi na watoto wa jirani. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba aliyechorwa pale ni babu yake. Na mngeonaje? Mtoto hukaa upande wa shujaa, na shujaa alikuwa panya. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nanywa chai.

Jambo ambalo mwenzako hakulitia maanani ni kwamba filamu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto peke yao. Zilikuwa za sinema, dakika saba au nane kabla ya picha kubwa, na watu wazima ndio waliojaa ukumbini. Televisheni ndiyo iliyozihamishia kwa watoto, mchana, bila mtu mzima pembeni. Kuziondoa hapo hakujafuta kitu. Mwaka 2010 nane kati ya hizo 11 zilisafishwa na kuoneshwa Hollywood, kwenye tamasha la filamu la TCM, chaneli ya televisheni ya filamu za zamani, mbele ya watu walionunua tiketi wakijua wanakwenda kuona nini. Mahali pake ni hapo. Na hiyo uliyoiona wewe, si umeipata kwa kubofya tu? Historia iliyofutwa haipatikani kirahisi hivyo.

Akikwambia pia kwamba enzi zile hakuna aliyeona ubaya, mjibu. Coal Black and de Sebben Dwarfs, ya Bob Clampett, nayo katika hizo 11, ilipotoka mwaka 1943, NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, kiliitaka Warner iiondoe. Mwaka huo huo, si miaka 50 baadaye! Weusi wa Marekani waliona, wakasema, hawakusikilizwa tu.

Lakini hiyo ya Clampett ndiyo inayonitatiza, sikufichi. Ni ile ngano ya Snow White, binti wa mfalme, iliyogeuzwa ya Weusi, ina muziki wa jazi unaokwenda kasi, na michoro yake hata leo wajuzi wanaisifu. Nyuso ni zile zile za kudhalilisha, midomo imejaa nusu ya uso. Ila sauti ya msichana ni ya Vivian Dandridge, dada yake Dorothy, yule mwigizaji. Kazi iliyokuwa ikipatikana kwa msanii Mweusi ilikuwa ya namna hiyo, akaifanya vizuri, na filamu ilipowekwa kando yeye naye akawekwa kando. Hapo sina jibu la kumpa mwenzako, na nisingependa ujifanye unalo.

Idi asiitazame. Ana miaka sita, na darasa lake umesema Weusi ni wawili. Wewe itazame utakavyo. Akishakuwa kijana anayeweza kubishana nawe, muoneshe hiyo ya 1943, uketi naye, na umtajie jina la Vivian Dandridge, maana kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu hawakuliandika.

Mama yako anauliza kama ule mchele ulifika. Mjibu yeye mwenyewe, simu yangu imeharibika kioo.

Baba yako